Siku Tatu za Muuguzi Siwema Kwenye Theluji ya Serikali

Ilikuwepo nchi moja, na kwa habari nilizo nazo bado ipo, ambayo serikali yake iliwapenda wananchi kiasi cha kuwatengenezea theluji. Nchi yenyewe ni ya jua kali. Saa nne asubuhi mbuzi wameshaingia chini ya mikokoteni, na wenye nyumba za bati wamehamia nje. Lakini Mkuu wa Nchi alikuwa amealikwa ng'ambo, akawaona wakuu wenzake wamevaa miwani myeusi na mbao miguuni wanateleza mlimani, akarudi nyumbani akawa kimya siku tisa. Siku ya kumi akatangaza kwamba taifa lake nalo limefikia umri wa kuteleza.

Ikajengwa Hoteli ya Kilele, juu ya mlima wa Lukindo. Mlima huo si mrefu, ila uko karibu na lami. Mashine kumi na nne za kutengeneza theluji zikaletwa kwa ndege, na kwa kuwa mashine hizo hunywa maji, tena maji safi, chemchemi iliyokuwa ikihudumia vijiji saba vya bondeni ilifungiwa pampu ikaelekezwa juu. Kila alfajiri mashine zilinguruma, mteremko ukawa mweupe, wageni wakateleza. Ikifika saa tano theluji ilikuwa imeisha, wageni wakaenda kula, na tope likashuka taratibu kuelekea kwa wananchi, ambao hawakulipishwa chochote kwa tope hilo.

Kulala pale siku moja kuligharimu mshahara wa muuguzi wa miezi kumi na minne. Basi watu, kwa ile tabia yao ya kuuliza, wakaanza kuuliza kama hoteli hiyo inafaa kwa gharama yake. Serikali nyingine ingekasirika. Hii ilitunga sheria. Kila mwaka, ilisema sheria, mwananchi mmoja wa kawaida atapelekwa Hoteli ya Kilele akae siku tatu kwa hisani ya umma, kisha asimame mbele ya watu aulizwe. Akisema ni nzuri, hoteli inaendelea. Akisema ni mbaya, chemchemi inarudishwa vijijini siku hiyohiyo, kabla jua halijazama. Ukweli ni kwamba sijawahi kusikia sheria ya haki kuliko hiyo.

Mwaka wa tano, kura ilimwangukia muuguzi Siwema Chilumba wa Zahanati ya Lukindo.

*

Siwema alikuwa muuguzi, mkunga, mtoa dawa na mfagiaji wa zahanati ile, kwa mshahara wa muuguzi. Mlangoni alikuwa amebandika tangazo kwa mkono wake mwenyewe: *Wajawazito waje na maji yao, ndoo mbili.* Kila alipolipita tangazo hilo alijisikia vibaya, kwa sababu aliyaona matumbo yale yakipanda njia ya vumbi na ndoo kichwani, na ndiye aliyewaambia wazibebe. Miaka minne alikuwa ameandika barua kuomba maji. Alijibiwa zote, kwa heshima kubwa, kwamba barua yake imepokelewa.

Afisa aliyekuja kumchukua aliitwa Bwana Kisaka, Msindikizaji wa Mashahidi Daraja la Pili. Alikuja na gari, koti la manyoya na zawadi ya glavu.

"Siwezi kuondoka wiki hii," Siwema alimwambia. "Kuna mama humu, uzazi wa kwanza, miguu imevimba na presha inapanda. Anaweza kujifungua wakati wowote. Nikiondoka hakuna mwingine."

"Nakuelewa, dada yangu," alisema Bwana Kisaka, na kweli sura yake ilikuwa ya mtu anayeelewa. "Lakini furaha ya kitaifa haina tarehe nyingine. Usipokwenda, sheria inasema umeridhika ukiwa nyumbani."

Siwema alisimama pale na glavu mkononi. Mama mwenyewe, Chausiku, alikuwa amekaa kitandani anamsikiliza. Mkwewe, Mzee Kapera, alikuwa barazani, kama alivyokuwa kila siku tangu alete mkaza mwanawe, kwa maana mwanawe alikuwa amekwenda machimboni na mzee aliapa hatabanduka mpaka asikie kilio cha mtoto. Siwema alitoka akachuchumaa mbele yake.

"Baba, nakwenda siku tatu. Nimeacha ndoo sita zimefunikwa, zote za Chausiku, asiguse mtu. Bi Salamba atakuwa naye. Nikirudi Alhamisi, bomba hili litakuwa linatoa maji. Shahidi anaulizwa neno moja tu huko, na mimi jibu ninalo."

"Nenda, mwanangu," alisema mzee. "Uwaambie."

Bi Salamba alikuwa mhudumu wa zahanati, mwanamke wa moyo safi, aliyejua kufua mashuka na kushika mkono wa mzazi. Sindano hakuijua. Siwema alimwonyesha mara mbili, akamwonyesha na mara ya tatu, halafu Bwana Kisaka akapiga honi.

*

Sasa, tusiwe watu wa chuki. Siwema alikuwa mkweli, na mkweli lazima aseme kwamba kitanda cha Hoteli ya Kilele kilikuwa kizuri. Mito ilikuwa saba. Chumba kilipashwa joto na mashine moja na kupozwa na nyingine, ili mgeni achague, na zote mbili zilikuwa zikiwaka pamoja kwa kuwa fundi wa kuzima alikuwa likizo. Chakula kilikuja kidogo katikati ya sahani kubwa, kikiwa na jani juu yake. Mhudumu aliyekileta alisimama pembeni mpaka Siwema akasifu.

Bafuni kulikuwa na sinki la kuogea la marumaru, refu kuliko meza ya kuzalishia. Alifungua bomba ili aone tu, maji yakatoka ya moto, kwa nguvu, yakajaa. Alikaa kwenye ukingo wake akayahesabu kwa macho: ndoo kumi na nane. Wazazi tisa. Hakuweza kuingia. Hakuweza pia kuvuta kizibo. Aliyaacha yakapoa, na kila alipoingia bafuni aliyakuta yamekaa palepale yanamtazama, na yeye akaogea kikombe.

Ukutani mwa ukumbi wa chini walikuwa wametundikwa mashahidi wa miaka iliyopita, picha nne kubwa za rangi, wote wamevaa koti lilelile la manyoya. Chini ya kila picha paliandikwa neno moja: *Nzuri. Nzuri. Nzuri. Nzuri.*

"Hawa wote walisema nzuri?" Siwema aliuliza.

Aliyekuwa karibu ni Doto, mama wa makamo aliyeajiriwa kukwangua tope kwenye viatu vya wageni. Alitazama kulia na kushoto kabla ya kujibu.

"Swali lenyewe unalijua, dada?"

"Kama inafaa kwa gharama yake."

"Hilo lilionekana gumu kwa raia," alisema Doto. "Wataalamu walikaa wiki kumi na moja watafute swali jepesi, ambalo hata mtoto analijibu. Wakalipata. Unaulizwa: *Habari za hotelini?*"

Siwema alizitazama tena zile picha nne.

"Na jibu ni neno la kwanza," Doto aliendelea. "La pili na kuendelea ni maoni. Maoni ni ya wizara nyingine."

Hapo lazima nieleze kidogo, ingawa msomaji naye kalelewa vilevile. Katika nchi ile mtu akiulizwa habari husema nzuri. Nyumba ikiungua atasema nzuri, ila tumelala nje. Ng'ombe wakifa wote atasema nzuri tu, isipokuwa zizi limebaki tupu. Hakuna anayedanganya. Ni adabu: humrushii mwenzio mzigo usoni kabla hajakaa. Unamfungulia mlango kwanza, kisha unamwonyesha kilichomo ndani. Wananchi wale wameonyeshana mambo mazito kwa njia hiyo tangu wawepo, na hakuna aliyewahi kukosa kuelewa, mpaka wataalamu walipokuja wakausoma mlango wakaacha nyumba.

Shahidi wa kwanza, mwalimu mstaafu, alisema, "Nzuri, ila watoto wangu hawana maji," na ngoma ikapigwa alipofika kwenye *ila*. Wa pili, mhunzi, alikuwa ameonywa, lakini *nzuri* ilimponyoka mdomoni. Wa tatu, mjane mmoja, aliamua kunyamaza kabisa. Kimya chake kikaingizwa katika fungu la *amekosa maneno kwa furaha*, ambalo huhesabiwa kuwa nzuri mara mbili. Wa nne ndiye aliyefanikiwa kusema mbaya. Alijiandaa sana, akawa na haraka, akalisema kabla hajaulizwa. Waamuzi walilazimika kumwambia kwamba hakuna jibu bila swali, wakamuuliza upya, naye kwa kuona aibu mbele za watu akasema nzuri, samahani.

"Basi mimi nitasema mbaya," alisema Siwema. "Nitangoja niulizwe, halafu nitalisema."

"Sema sasa tuone," alisema Doto. "Habari za hotelini?"

"Nzuri," alisema Siwema.

Akaziba mdomo kwa mkono. Doto wala hakucheka.

*

Siku ya pili yote alifanya mazoezi. Aliacha kuteleza kwao, ingawa Bwana Kisaka alimfunga mbao miguuni na kumpiga picha akiwa ameshikiliwa na watu wawili. Alijifungia chumbani akasimama mbele ya kioo akajiuliza habari. Akijiuliza taratibu aliweza. Akijiuliza ghafla hakuweza. Ulimi wake, uliofundishwa kabla hajaacha ziwa, ulikimbilia njia iliyozoea, na kila ulipokimbia aliona ndoo sita chini ya kitambaa na zile hatua za muuguzi, kutoka kitandani mpaka mlangoni, ambazo sasa hakuna aliyekuwa akizitembea.

Doto alimsaidia kila alipopata nafasi. Alimvizia kwenye ngazi, akamvizia kwenye mlango wa chakula. "Habari?" "Nz... mbaya." "Habari?" "Mbaya." "Habari za asubuhi?" "Mbaya sana." Mgeni mmoja aliyewapita alimuuliza Siwema kwa upole kama anahitaji daktari.

Ilipofika jioni neno lilikuwa limekaa. Lilimwasha kinywani kama kitu kibichi, lakini lilikaa. Siwema aliomba simu aulize hali ya Chausiku. Akaambiwa kwamba shahidi haruhusiwi kupokea habari kutoka nje, kwa kuwa zinaweza kumharibia starehe, na starehe yake ni mali ya umma. Alilala juu ya mito saba akiwa amekunja ngumi, anaomba yule mama avumilie siku moja tu.

*

Asubuhi ya tatu, saa tatu na nusu, watu walikuwa wamejaa chini ya mteremko. Walioletwa na malori walikaa mbele na waliokuja kwa hiari hawakuwepo. Theluji ilikuwa bado nyeupe. Jukwaani, nyuma ya meza yenye ndoo ndogo za fedha za kupozea mvinyo, alisimama Mheshimiwa Daktari Mhandisi Bulaya Ntandu, Waziri wa Uridhikaji wa Umma. Alikuwa amevaa makoti mawili, na jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kwenye medali.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "wapo wanaouliza theluji inaliwa? Nawajibu: bendera inaliwa? Wimbo wa taifa unanywewa? Taifa lisilo na theluji ni taifa lililoanikwa. Sisi tumeanuliwa." Makofi yalipigwa mpaka yakamtosha. "Na kwa kuwa serikali yenu ni sikivu, mwaka huu tumeboresha utaratibu. Tuligundua kwamba mashahidi wetu hutishwa na vyeo vya wanaowauliza. Mtu anaulizwa na Waziri, anatetemeka, anasema asichokusudia. Kuanzia leo shahidi ataulizwa na mtu wa kwao. Jirani yake. Sauti anayoifahamu."

Siwema alikuwa amesimama pembeni ya jukwaa. Hakutishika. Aliyejiandaa kumwambia Waziri mbaya, aliona, hatashindwa kumwambia jirani.

Tatizo lilikuwa kwamba jirani hakuwa ameandaliwa. Bwana Kisaka alikuwa na orodha ya majirani waaminifu, ila lori lao lilikuwa limekwama kwenye tope la hoteli. Akawa anazunguka huku na huku kama kuku anayetaka kutaga. Ndipo walinzi wa lango walipomletea mzee mmoja waliyekuwa wanabishana naye, mwenye vumbi mpaka magotini, aliyekuwa ametembea tangu alfajiri na hakutaka kufukuzwa.

"Unatoka wapi, mzee?"

"Lukindo."

"Unamfahamu muuguzi Siwema?"

"Ndiye niliyemfuata. Nina neno la kumwambia."

Bwana Kisaka alimshukuru Mungu waziwazi. "Utamwambia, mzee wangu. Ukifika pale msalimie kwanza, kama unavyomsalimia siku zote. Ukishamsalimia, sema chochote unachotaka."

Akavalishwa koti la manyoya. Akapewa kipaza sauti. Akapandishwa.

Siwema alimwona anakuja, akamtambua Mzee Kapera kabla ya kumwona vizuri, kwa mwendo wake. Moyo ulifurahi kwanza. Alidhani mtoto amezaliwa na babu hakuweza kungoja. Kisha akaona kofia. Wazee wa Lukindo huvaa kofia zao shambani na mezani, huvaa hata wakiwa wagonjwa, na huivua mtu akifiwa, akaishika mkononi mpaka maiti izikwe. Mzee Kapera alikuwa ameishika yake kifuani, juu ya manyoya ya serikali.

Mpiga ngoma aliinua fimbo zake.

Yule mzee alikuwa na uso wa mtu ambaye hajui aweke wapi mikono. Alimtazama Siwema, akaona kwamba ameshajua, na pengine alitaka kumpunguzia. Akasema, kwa sauti ya chini ambayo vipaza sauti viliitawanya mlima mzima:

"Habari za huku, mwanangu?"

Neno lilikuwapo. Nataka msomaji ajue hivyo, kwa maana baadaye wengi walimlaumu. Lilikuwa palepale ulimini, alilihisi. Lakini mbele yake alikuwa amesimama mfiwa, na mfiwa amemuuliza hali. Binti gani wa Lukindo atamtazama usoni mzee aliyefiwa, aliyepanda mlima kwa miguu, amwongezee ubaya juu ya ubaya alioubeba? Chemchemi ilimtoka akilini. Waziri alimtoka akilini.

"Nzuri, baba," alisema Siwema. "Habari za nyumbani?"

"Nzuri," alijibu Mzee Kapera.

Ngoma ikalipuka, tarumbeta zikaitikia, bendera zikapanda. Mtumishi wa mitambo, aliyekuwa mtu makini kazini, alizima kipaza sauti. Mzee aliendelea kuongea, kwa kuwa ndiyo kwanza alikuwa anaanza, na Siwema ilibidi asogeze sikio mpaka mdomoni pake.

"Nzuri tu, mama. Ila Chausiku hatunaye. Jana mchana. Mtoto yupo, wa kike, analia vizuri. Damu ndiyo haikukata. Bi Salamba alijitahidi, usimseme. Maji yote uliyoacha yameishia pale." Akaigeuza kofia. "Nimekuja kuomba maji ya kumwoshea. Tumepita nyumba zote. Hatuwezi kumzika alivyo."

*

Magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba mwaka huu mafanikio yamekuwa maradufu, kwani muulizaji naye aliulizwa akasema nzuri. Wizara ilitoa pendekezo kwamba mashahidi wawe wawili kila mwaka. Picha ya Siwema ilitundikwa ukutani pamoja na ya mzee na kofia yake mkononi, na wageni wengi huamini alikuwa ameivua kwa heshima ya theluji.

Kuhusu maji, utaratibu ulifuatwa. Siwema alikimbilia mapokezi, akaomba ndoo moja, kisha akapiga magoti akaomba tena. Karani alimjibu kwa huruma kwamba maji ya hoteli hayatoki nje ya lango bila kibali, na kibali huchukua siku kumi na nne za kazi. Siwema alimwambia kuna ndoo kumi na nane chumbani kwake, zimekaa bure tangu juzi. Karani alitazama daftari lake akasema chumba kimeshasafishwa.

Alitoka nje analia waziwazi, hajali nani anamwona. Jua lilikuwa limepanda na mteremko ulianza kuvuja. Bwana Kisaka alikuwa anakusanya vipaza sauti, naye, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alimwambia akiwa ametazama pembeni kwamba kuna kanuni ya maji na kanuni ya umeme, lakini theluji haina kanuni, kwa vile hakuna aliyefikiri kwamba mwananchi anaweza kuihitaji.

Siwema alichukua zile ndoo mbili za fedha mezani kwa Waziri. Alichota theluji kwa mikono, Mzee Kapera akachota naye, Doto akaja akapiga magoti kando yao akachota kimyakimya. Walishindilia mpaka ikarundikana juu ya kingo. Waziri aliwaona kutoka jukwaani akawaonyesha wageni wake kwa kidole, kwamba tazameni, hawataki hata kuiacha. Katika taarifa yake Bwana Kisaka aliandika kuwa shahidi ameipenda theluji kiasi cha kuondoka nayo, na kwamba kwa maoni yake hilo linamaliza kabisa suala la gharama.

Walishuka kwa miguu, yeye na mzee, kila mmoja na ndoo kichwani, saa mbili na zaidi juani. Siwema alifunika yake kwa koti la manyoya ili isimwagike. Lakini theluji ile ilikuwa na tabia moja ambayo hakuna aliyemwambia siku zote tatu: ni nyingi kwa macho tu. Ikiyeyuka hujikusanya chini na kuwa kidogo. Walipofika zahanati akafunua ndoo, hakukuwa na tone lililomwagika, na maji yalikuwa yameshuka mpaka karibu na kitako.

Bi Salamba na wanawake wawili walikuwa wanangoja pembeni ya kitanda. Waliyamimina yote kwenye beseni moja. Mtoto alikuwa analia chumba cha pili, mgongoni kwa mtu. Siwema alivua glavu za serikali, akakunja mikono ya gauni, akaanza na uso.

Maji yalitosha uso na mikono. Sehemu nyingine walimpangusa kwa kitambaa kikavu.